Ngozi Haisemi Yote: Mgonjwa wa Kitanzania kwa Daktari wa Mtaa nchini Japani

Mwezi Juni mjini Kyoto huja na mvua ya rasharasha ambayo Wajapani huiita tsuyu. Mji huo umezingirwa na milima pande tatu, hivyo joto na unyevu hutuama humo kama mvuke ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nguo huanikwa chumbani na hazikauki upesi. Ni katika msimu huo ambapo mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, binti kutoka Tanzania, alianza kujikuna.

Muwasho ulianzia kinenani, ukapanda tumboni, kisha baka moja likatokea kwenye mkono wa kushoto. Katika sanduku lake alikuwa na tyubu ya krimu aliyoinunua kabla ya kusafiri. Muuzaji alimhakikishia kwamba inatibu kila tatizo la ngozi. Akaipaka. Muwasho ukatulia kwa siku mbili tatu, ukarudi, naye akapaka tena. Ilipofika wiki ya tano, mabaka yalikuwa yameenea na kupoteza umbo lake, na usingizi ulikuwa umemtoroka. Ndipo alipoamua kumwona daktari, ilhali Kijapani chake hakikuvuka salamu na kuhesabu fedha.

Kisa chake kinafaa kusimuliwa kwa sababu hakikukwama mahali ambapo wengi wangedhania. Alikuwa na mkalimani siku daktari aliposhindwa kuutambua ugonjwa wake, na hakuwa na mkalimani siku ulipotambuliwa.

Mlango ulio karibu

Wajapani huiita kliniki ya ngozi hifuka, nayo ni rahisi kuipata mitaani kama duka la mkate. Nchi hiyo ilifikia bima ya afya kwa watu wote mwaka 1961. Mgeni anayeishi humo kwa zaidi ya miezi mitatu hutakiwa naye kujiunga na bima ya umma, na wanafunzi wengi wa kigeni huingia katika Bima ya Afya ya Taifa. Mtu mzima aliye chini ya umri wa miaka 70 hulipa dirishani asilimia 30 ya gharama, na bima hulipa sehemu iliyobaki. Zaidi ya hayo, mgonjwa hahitaji barua ya rufaa ili amwone daktari bingwa katika kliniki ya mtaani. Asiye na barua hutozwa ada ya ziada anapokwenda moja kwa moja katika hospitali kubwa.

Ukaribu huo ni neema, lakini una upungufu wake. Hospitali kubwa mijini zinaweza kuwa na wakalimani wa baadhi ya lugha. Kliniki ya daktari mmoja na wauguzi wawili aghalabu haina mkalimani wa lugha yoyote, seuze Kiswahili.

Ziara ya kwanza: maneno yalikuwepo, ukweli haukuwepo

Binti huyo alimwomba Mtanzania mwenzake amsindikize. Mwenzake alikuwa ameishi Kyoto miaka minne na alizungumza Kijapani bila shida. Binti alimwita kaka, kwa heshima ya ugenini. Mapokezini walipewa fomu ya maswali iitwayo monshinhyo. Fomu hiyo huuliza tatizo lilianza lini, mgonjwa anatumia dawa gani, ana mzio wa kitu gani, na kama ni mwanamke, je, ni mjamzito? Aghalabu huwa na mchoro wa mwili wa mtu, mbele na nyuma, ili mgonjwa aweke alama pale penye ugonjwa.

Kaka akaanza kusoma swali baada ya swali, kwa sauti ya kawaida, katika chumba chenye watu sita.

“Dada, panawasha wapi?”

Binti akanyoosha mkono wa kushoto.

“Hapa tu?”

“Hapa tu, kaka.”

“Kuna dawa yoyote unayopaka?”

Alisita. Kutaja kinena mbele ya kaka hakuwezi, na kukiri kwamba amejitibu mwenyewe kwa wiki tano kulimwonea haya. Akajibu, “Hapana.”

Daktari akatazama kilichoonyeshwa: baka moja lililofifia, lisilo na ukingo dhahiri wala magamba, jeusi kidogo kuliko ngozi inayolizunguka. Kwa aliyoyaona na aliyoambiwa, alihitimisha kwamba ni ukurutu, yaani pumu ya ngozi kama watu wengi wanavyosema, na akaandika marhamu ya steroidi. Hakuna aliyekosea tafsiri. Kila neno lilifika salama katika lugha ya pili. Ila maneno yenyewe yalikuwa nusu ya habari. Baada ya wiki mbili mabaka yalikuwa yamefika mapajani.

Ugonjwa unaovaa kinyago

Katika matibabu ya ngozi kuna mtego ambao mgonjwa na daktari huweza kuuingia pamoja. Kwa kuwa ngozi huonekana, wote wawili hudhani kwamba macho yanatosha. Hata hivyo dawa inaweza kuubadilisha ugonjwa hata macho yasiutambue.

Choa husababishwa na kuvu, au fangasi kama wengi wasemavyo. Kwa kawaida huwa baka la mviringo lenye ukingo ulioinuka na magamba, na katikati yake hupona kwanza. Daktari au tabibu mwenye uzoefu huweza kulitambua kwa mbali. Lakini likipakwa steroidi, uvimbe na muwasho hupungua, ukingo hufutika, magamba hutoweka, na mgonjwa hufurahi. Wakati huo huo kinga ya ngozi mahali hapo imepunguzwa, na kuvu huendelea kusambaa bila kizuizi. Mwaka 1968 madaktari F. A. Ive na R. Marks wa Uingereza waliieleza hali hiyo na kuipa jina la Kilatini lenye maana ya choa kisichotambulika. Zaidi ya nusu karne imepita, na hali hiyo ingali inaonekana kila mahali ambako krimu za mchanganyiko, zenye steroidi kali pamoja na dawa ya fangasi na ya bakteria, hununuliwa bila ushauri.

Rangi ya ngozi nayo huongeza ugumu. Vitabu vingi vya tiba vimeeleza dalili za uvimbe kwa neno moja: wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huweza kuonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea, na daktari aliyejifunzia kwenye ngozi nyeupe anaweza kuupita. Ndiyo sababu mwaka 2020 Malone Mukwende, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha St George's jijini London, alishirikiana na walimu wake kutoa kijitabu kiitwacho Mind the Gap, kinachoonyesha dalili za magonjwa katika ngozi nyeusi na ya maji ya kunde. Mgonjwa mwenye ngozi nyeusi aliye ugenini anaweza kusaidia sana kwa kumwonyesha daktari sehemu yenye ugonjwa kando ya sehemu isiyo na ugonjwa, ili tofauti ya rangi ijionyeshe yenyewe.

Simu kutoka Moshi

Mambo yalibadilika usiku mmoja binti alipompigia dada yake mkubwa, muuguzi mjini Moshi. Dada aliomba picha, akazitazama, kisha akauliza kwa utulivu, “Daktari ulimwonyesha haya ya mapajani?”

“Sikuweza, dada. Kaka yule alikuwepo.”

“Na ile krimu uliyoondoka nayo?”

Kimya.

“Mdogo wangu, daktari si mpiga ramli. Mficha uchi hazai. Kesho rudi peke yako, nenda na tyubu yenyewe, na yale usiyoweza kuyasema yaandike.”

Walikaa kwenye simu karibu saa nzima wakiandaa karatasi moja. Haikuwa na sentensi ndefu. Ilikuwa na kalenda ya miezi mitatu iliyotiwa duara siku ambayo muwasho ulianza, siku ya kwanza ya kupaka krimu, na siku ya ziara ya kwanza. Kalenda ilikuwa uamuzi wa busara, kwani mtu aliyezoea kuandika 5/6 akimaanisha tarehe 5 Juni atasomwa na Mjapani kuwa amesema tarehe 6 Mei. Wajapani hutanguliza mwezi. Kosa la mwezi mzima lingeingia katika historia ya ugonjwa bila mtu yeyote kulihisi.

Ziara ya pili: maneno machache, ukweli wote

Safari hii alijaza mchoro wa mwili kwa kalamu yake mwenyewe: kinena, tumbo, mapaja, mkono. Mbele ya daktari alitoa maneno mawili aliyojifunza njiani. Kayui, panawasha. Itai, panauma. Alisema la kwanza na kulikana la pili kwa kutikisa kichwa. Daktari akamwelewa mara moja. Msemaji wa Kiswahili ana bahati ndogo nchini Japani: lugha zote mbili zina irabu zile zile tano, na neno la Kijapani lililoandikwa kwa herufi za Kilatini likisomwa Kiswahili hutoka karibu sawasawa.

Kisha akaweka tyubu mezani. Daktari akaigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma: betamethasone, clotrimazole, gentamicin. Akayatamka polepole kwa Kijapani, nayo yakasikika kama majina yale yale aliyowahi kuyasikia dukani kwao. Hayo si majina ya biashara. Ni majina ya kimataifa ya dawa, yanayotolewa chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kufanya kazi mwaka 1953, na shabaha yake ni kwamba kiini cha dawa kitambulike kwa jina moja popote. Katika chumba kile tyubu ilisema zaidi ya mkalimani, kwa sababu haikuona haya.

Daktari alibadilika uso. Akamwita muuguzi wa kike, pazia likavutwa, sehemu zote zikatazamwa. Akakwangua ngozi kidogo kwenye ukingo wa baka la pajani, akaiweka juu ya kioo na kuidondoshea myeyuko wa haidroksaidi ya potasiamu, ambayo huyeyusha seli za ngozi na kuacha kuvu, kisha akaiweka chini ya hadubini. Kipimo hicho ni cha bei nafuu na majibu yake hupatikana kwa dakika chache. Alimwonyesha binti nyuzi nyembamba zenye matawi zilizokatiza katikati ya seli. “Kabi,” alisema. Simu ikatafsiri: kuvu.

Yaliyofuata yalikuwa somo la mawasiliano. Daktari alitumia sentensi fupi za Kijapani chepesi, mtindo uliohimizwa nchini humo baada ya tetemeko la ardhi la Januari 1995 katika eneo la Kobe, wakati wageni wengi walipokosa kuelewa matangazo ya dharura. Aliziweka tyubu za steroidi kando na kuzichorea alama ya mkato karatasini. Alikamua krimu mpya kwenye kidole chake cha shahada, kutoka kwenye ungio la mwisho hadi ncha. Kipimo hicho, kilichoelezwa na madaktari Long na Finlay wa Wales mwaka 1991, ni karibu nusu gramu na hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Akaonyesha kwamba dawa ipakwe pia kwenye ngozi nzima inayozunguka baka, mara moja kwa siku, baada ya kuoga na kujikausha. Kisha akamkabidhi binti tyubu na kumwashiria: sasa wewe. Binti akarudia kila hatua. Hapo tu ndipo daktari aliporidhika.

Kwenye ile kalenda daktari alitia duara siku ya kurudi, wiki mbili mbele, na kwa msaada wa simu akaonya kwamba muwasho ungeweza kuongezeka siku za mwanzo kwa kuwa steroidi imeachwa, na kwamba dawa isikatizwe mara ngozi itakapoonekana safi. Cheti cha dawa kilikuwa na uhai wa siku nne, kikihesabu siku ile ile, na dawa zilichukuliwa katika duka jirani. Mfamasia alimpa kijitabu cha dawa kiitwacho okusuri techo na kubandika humo jina na kipimo cha kila dawa, ili daktari mwingine yeyote ajue alichokwisha kupewa.

Maneno ya Kiswahili yanayohitaji uangalifu

Programu za kutafsiri kwenye simu husaidia, lakini hutegemea maneno yanayoingizwa, na Kiswahili cha kila siku kina maneno mapana. Mkono ni kuanzia begani hadi vidoleni. Mguu ni kuanzia nyongani hadi unyayoni. Kidole ni cha mkono na cha mguu. Afadhali kusema kiganja, kiwiko, goti, unyayo, na afadhali zaidi kunyooshea kidole.

Kuwasha nako kuna hatari. Ngozi huwasha, pilipili huwasha, na taa huwashwa. Tafsiri inaweza kuleta maana ya kuungua, na kwa daktari wa ngozi tofauti hiyo ni kubwa: choa na ukurutu huleta hamu ya kujikuna, ilhali mkanda wa jeshi huchoma na kuuma, mara nyingine kabla vipele havijatokea. Ukitaka kueleza muwasho, sema unajikuna.

La tatu ni saa. Mswahili akisema saa mbili usiku anamaanisha saa ambayo Mjapani huihesabu kuwa ya nane jioni. Ratiba ya dawa iliyopita katika tafsiri bila kuangaliwa inaweza kuhama kwa saa sita. Ni salama zaidi kuifunga dawa kwenye tendo: baada ya kuoga, kabla ya kulala.

Kabla ya kwenda kliniki ugenini

- Chukua dawa zote ulizopaka au kumeza, pamoja na sabuni, mafuta na krimu za urembo, zikiwa ndani ya vifungashio vyake. Usizione haya, daktari anazihitaji.
- Piga picha za ugonjwa tangu mwanzo, kwenye mwanga wa mchana, kwa kuwa mabaka hubadilika.
- Tia alama kwenye kalenda badala ya kuandika tarehe kwa tarakimu.
- Weka alama kwenye mchoro wa mwili katika kila sehemu yenye ugonjwa, hata zile za siri.
- Andika kwa herufi kubwa mzio wowote ulio nao, na kama una ujauzito au unanyonyesha.
- Ukihitaji mkalimani, chagua mtu ambaye mbele yake unaweza kusema yote. Mtoto wako hafai, na rafiki unayemstahi mno anaweza asifae.
- Usiondoke kabla ya kurudia maelekezo kwa vitendo mbele ya aliyekupa.

Kiti cha daktari yule kipo pia nyumbani

Wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki wasidhani kwamba kisa hiki ni cha ughaibuni peke yake. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kimewaandaa wataalamu wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, na katika zahanati za Ngorongoro au Kigoma, wapo wagonjwa ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili au hawakijui kabisa. Huja na mume, mtoto au jirani wa kuwasemea. Mhudumu husikia maneno yote na huenda asisikie jambo lenyewe.

Mbinu za kliniki ya Kyoto hazihitaji fedha nyingi. Mchoro wa mwili ni karatasi moja. Swali la “umepaka nini?” linaweza kuulizwa mara mbili, mara ya pili msindikizaji akiwa nje. Kukwangua ngozi na kuitazama kunawezekana penye hadubini na aliyefundishwa kuitumia. Kumwomba mgonjwa aonyeshe atakavyopaka dawa huchukua dakika moja. Baka lolote linalowasha, lililopakwa krimu likatulia na kurudi kwa upana zaidi, lishukiwe kuwa ni fangasi hadi ithibitike vinginevyo.

Mwishoni mwa Agosti muwasho wa binti yule ulikuwa umekwisha. Alama nyeusi zilibaki, naye alihofu kwamba ugonjwa ungalipo, hadi daktari alipokwangua tena na kumwonyesha kioo kisicho na nyuzi. Weusi huo ni kovu la rangi linaloachwa na uvimbe katika ngozi nyeusi. Hufifia taratibu kwa miezi kadhaa na hauhitaji krimu ya kuufuta.

Kule Moshi, dada yake amebandika mchoro wa mwili wa mtu nyuma ya mlango wa chumba anachofanyia kazi, na kalamu imefungwa kwa uzi kando yake. Mgonjwa anapoingia, msindikizaji huombwa asubiri nje kwa dakika mbili. Kisha kalamu hupewa mgonjwa.